Lundo la Miaka Ishirini

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walikuwa na milango, vyungu na majirani wa kugombana nao, aliishi digidigi mmoja wa kike, jina lake Siwema. Sogeeni karibu. Na wewe huko nyuma acha kumfinya mwenzio, maana hadithi hii ina kesi ndani yake, na kesi haitaki kelele.

Siwema alikuwa mdogo. Akisimama kwenye majani marefu unaona masikio tu. Alikaa na mumewe, Mashaka, ndani ya kichaka cha mikunazi, na kichaka hicho alikirithi kwa mama yake, ambaye naye alikirithi kwa bibi.

Majirani waliwacheka digidigi hao kwa jambo moja. Digidigi haendi haja ovyo ovyo. Ana choo chake, mahali pamoja, na kila siku anarudi pale pale. Mama yake Siwema alikwenda hapo, na bibi yake alikwenda hapo hapo. Mnacheka? Hata nyani walicheka, na nyani wenyewe mnajua wanavyojisaidia juu ya vichwa vya watu.

Mwaka huo Siwema alikuwa na mimba. Alikuwa amekwisha kuchagua pa kujifungulia, katikati kabisa ya kichaka, penye miiba mingi, ambapo tai akipita juu haoni kitu. Nje ya kichaka kulikuwa na uwanda mtupu, na kwenye uwanda ule mtoto wa digidigi hamalizi siku mbili. Siwema alilijua hilo kuliko alivyolijua jina lake.

Basi, asubuhi moja ardhi ikatikisika. Tifu! Tifu! Tifu!

Alikuwa Bwana Nyati. Hakupiga hodi. Aliingiza pembe kwenye kichaka, matawi yakalia kwacha kwacha, akauliza, "Nani anakaa humu?"

"Ni mimi, mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Hama."

"Nihame niende wapi?"

"Hilo mimi nitajuaje? Nimekipenda kichaka hiki. Kina kivuli, na kisima kiko karibu. Kuanzia leo ni changu."

Mashaka alikuwa amejificha nyuma ya mkewe, ingawa mkewe hakutosha kumficha mtu. Alinong'ona, "Tuhame, Siwema. Tuhame sasa hivi."

Lakini Siwema alisema, "Mkubwa, Mfalme Simba ameweka sheria. Hatolewi mtu nyumbani kwake mpaka mahakama iseme."

Ni kweli. Simba alikuwa amechoka kuamshwa kila alasiri kuamua ugomvi, ndiyo maana akaweka mahakama. Nyati alitoa pumzi puani, fyuu, majani yakaruka. "Mahakama? Basi tutakutana huko huko!" Akageuka, akaondoka na kipande cha uzio kimening'inia kwenye pembe.

Siku tatu baadaye Karani Hondohondo alitua juu ya mkunazi na mdomo wake ule mkubwa. "Ko-ko-ko-ko! Siwema binti Digidigi! Karatasi yako!"

Mashaka alipouona mhuri mwekundu tu, alianza kukunja mikeka. "Tumefukuzwa! Ina mhuri! Karatasi yenye mhuri haifutiki! Siwema, chukua chungu, mimi nachukua mwiko!"

"Mume wangu, umeisoma?"

"Nisome nini? Si nimeuona mhuri!"

Siwema alimgeukia karani. "Kaka karani, hebu niambie. Karatasi hii inatufukuza?"

Hondohondo alimtazama kwa jicho moja. Katika kazi yake yote hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Wengi hupokea karatasi wakakimbia, wengine huila. "Nani kakwambia inakufukuza?" alisema. "Hii ni hati ya wito. Bwana Nyati amefungua shauri, anadai kichaka ni chake. Wewe unaitwa Jumatatu uje useme upande wako. Bado hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa."

"Na nisipokuja?"

"Aa, hapo ndipo wengi wanapojimaliza. Usipokuja atasikilizwa peke yake. Akisema mbingu ni ya kijani, nani yupo pale wa kumbishia?"

"Nitakuja," alisema Siwema.

Mashaka aliuweka mwiko chini, lakini si mbali sana.

Mahakama ilikuwa ng'ambo ya mabonde mawili. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye mabenchi, na meza moja ndefu mbele. Hakimu alikuwa Kongoti, yule ndege mkubwa mwenye upara na joho jeusi ambalo hakushonewa na mtu, alizaliwa nalo. Siwema alifika jasho likimtiririka, tumbo mbele, miguu ikiuma. Akakaa kwenye benchi, miguu haikufika chini.

"Shauri la Nyati na Digidigi!" aliita Hondohondo.

Akasimama Fisi. Msishangae. Fisi alikuwa na mkoba uliojaa karatasi, na kati ya karatasi hizo nyingi zilikuwa zimefungia mifupa. Alishinda pale mlangoni siku nzima akijiita msemaji wa wasio na msemaji, ilimradi huyo asiye na msemaji awe na nyama.

"Mheshimiwa," alisema Fisi, na tumbo lake likanguruma gruu kama linaunga mkono, "mteja wangu anaumwa kifua. Tunaomba tarehe nyingine."

Kutoka uani ulisikika mbeuo mzito wa mtu aliyeshiba majani. Lakini Hakimu Kongoti alifungua kitabu, akaandika tarehe nyingine.

Siwema akarudi nyumbani mabonde mawili.

Mara ya pili Fisi akasema, "Mheshimiwa, mteja wangu amefiwa na mjomba."

Mabonde mawili tena, kwenda na kurudi.

Mara ya tatu akasema, "Mheshimiwa, leo ni arobaini ya yule mjomba."

"Arobaini?" alisema Hakimu Kongoti. "Si alikufa wiki iliyopita?"

"Ukoo wa nyati hufanya mapema, Mheshimiwa, kwa sababu ya mvua."

"Hii ni ya mwisho," alisema hakimu. "Tarehe ijayo asipokuwepo mdai, nalifuta shauri lake."

Pale mlangoni Fisi alimsogelea Siwema, akamchekea meno yote. "Dada, miguu haijachoka? Hali yenyewe hiyo uliyo nayo! Mimi nakuonea huruma. Tarehe ijayo kaa nyumbani upumzike, mambo yatajimaliza yenyewe."

Siwema alimtazama. Kumbe! Hakuna mjomba wala kifua. Walikuwa wanaichosha miguu yake, ili siku moja tu asije. Alihisi hasira ikimpanda kutoka kwatoni mpaka masikioni.

"Ahsante kwa huruma, kaka Fisi," alisema. Kisha akageuka, akarudi ndani, akakaa benchi la nyuma.

"Twende nyumbani," alisema Mashaka. "Kesi yetu si imekwisha kwa leo?"

"Nimetembea mabonde mawili. Siwezi kurudi mikono mitupu. Kaa tusikilize za wenzetu."

Wakakaa. Siwema akamwona Ngiri, aliyeshtakiwa kwa kung'oa mihogo ya jirani. Shahidi alisema uongo mtupu. Hakimu akamuuliza Ngiri, "Una swali kwa shahidi?" Ngiri akaruka juu, akaanza kueleza alivyozaliwa, alivyoteseka, jinsi jirani alivyomnyima salamu wakati wa njaa, akalia, akapenga kamasi, akakaa. Hakuuliza hata neno moja. Shahidi akashuka kizimbani na uongo wake mzima mzima, bila hata mkwaruzo.

"Kumbe wakisema uliza, maana yake uliza," alinong'ona Siwema.

Akamwona pia Nungunungu, mwenye kesi ya ukuta uliobomolewa. Watu walibishana mpaka mate yakawaruka. Nungunungu akasema tu, "Mheshimiwa, naomba mahakama ije iuone ukuta." Hakimu akakubali, akaenda, akauona, na ubishi ukaisha siku ile ile.

Siwema alirudi nyumbani jioni hiyo akitembea polepole. Mashaka alimsemesha njia nzima, lakini kichwani Siwema alikuwa na Ngiri na Nungunungu.

Siku ya kesi ikafika, na safari hii Bwana Nyati alikuja. Hakuja peke yake. Uani walisimama ndugu zake arobaini, pembe kwa pembe, na mbele yao Shangazi Nyati, bibi mnene mwenye sauti.

"Hawa ni mashahidi wetu, Mheshimiwa!" alisema Fisi. "Arobaini! Upande wa pili wana nani? Wana mume mmoja, tena anatetemeka!"

"Mbuuu!" waliitikia arobaini, na vumbi likadondoka darini.

Hakimu Kongoti alijifuta vumbi kwenye upara. "Arobaini wanaosema neno moja ni shahidi mmoja aliyeichosha mahakama. Nitamsikiliza mdai mwenyewe. Wengine nyamazeni nje."

Nyati akapanda kizimbani. Kizimba kikalia kriii. Akaapa, akasema kama alivyofundishwa. "Kichaka ni changu. Nimekaa pale miaka ishirini. Sijahama hata siku moja. Huyu digidigi amekuja juzi tu, nilimwonea huruma nikamkaribisha, sasa ananigeuka."

Mashaka hakuweza kujizuia. Aliruka juu. "Uongo! Uongo! Mama mkwe wangu—"

"Kaa chini," alisema hakimu. "Zamu yenu inakuja. Siwema, una swali kwa shahidi?"

Siwema alisimama, na kwa kuwa hakuonekana nyuma ya meza, Hondohondo alimsogezea kigoda. Alitaka kusema juu ya mama yake, juu ya mtoto tumboni, juu ya tai. Maneno yote hayo yalimjaa kooni. Akayameza.

"Nina maswali, Mheshimiwa. Bwana Nyati, umesema umekaa pale miaka ishirini?"

"Ishirini!"

"Hukuhama hata siku moja?"

"Hata siku moja!"

"Ulikuwa unalala wapi?"

"Hapo hapo!"

"Na kula?"

"Hapo hapo!"

"Na choo je, mkubwa?"

Kwaa! Mahakama nzima ilipasuka kwa kicheko. Ngiri aliyekuwa benchi la nyuma alianguka chini. Fisi akaruka, "Mheshimiwa, napinga! Mteja wangu ni mtu mzima mwenye heshima zake!"

"Mtu mzima naye huenda chooni," alisema Hakimu Kongoti. "Ajibu."

Nyati alimtazama Fisi. Fisi alitazama dari. Hili hawakulifanyia mazoezi.

"Hapo hapo," alisema Nyati kwa sauti ndogo.

"Ovyo ovyo, au mahali pamoja?"

Kusema ovyo mbele ya watu ni aibu, na Nyati alikuwa na kiburi chake. "Mahali pamoja! Mimi si mshenzi. Upande wa mashariki, karibu na mwamba."

"Miaka yote ishirini?"

"Yote!"

"Basi lundo lake bila shaka ni kubwa?"

"Kubwa!" Nyati alivimba kifua. "Kubwa sana! Lako haliingii ndani hata kidogo!"

Siwema alimgeukia hakimu. "Mheshimiwa, sina swali jingine. Naomba mahakama ije ione."

Hakimu Kongoti alifikiri, akagonga meza kwa mdomo, ko. "Ombi limekubaliwa. Mahakama itafika Alhamisi, saa nne asubuhi. Na nasema wazi, wote msikie. Kuanzia sasa mpaka siku hiyo, hakuna mtu kuongeza wala kupunguza kitu pale."

Walipotoka nje, Siwema alimwona Fisi amesimama kando ya ukuta, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Masikio yake yalikuwa yameelekea kwao. Siwema akamnong'oneza mumewe, "Lia."

Mashaka hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa ameyabana machozi tangu Jumatatu ile ya kwanza. "Uwiii!" alilia.

"Ole wetu, mume wangu!" alisema Siwema kwa sauti ya kusikika. "Tumekwisha! Lundo letu dogo, halizidi chungu cha wali! Hakimu akilikuta la Nyati limezidi, si atampa kichaka? Wale wanaangalia ukubwa tu!"

"Uwiii!" alilia Mashaka, sasa kwa dhati kabisa.

Fisi alifunga mkoba, akaondoka kwa haraka huku akichechemea na kucheka peke yake.

Jumatano asubuhi, jua limetoka tu, Siwema alisikia tifu, tifu, tifu, mara arobaini. Akamvuta Mashaka, wakachungulia kwenye miiba.

Ukoo mzima wa nyati ulikuwa umejipanga upande wa mashariki, karibu na mwamba. Walikuwa wametoka bondeni kula, matumbo yamewavimba. Fisi alisimama mbele na fimbo mkononi kama mwalimu wa kwaya.

"Haya, ndugu zangu! Mmoja mmoja! Anza!"

Puu! Pwaa! Pwaata!

"Bado!" alipiga kelele Fisi, akapima kwa fimbo. "Hii ni miaka minne tu! Mkubwa, jitahidi, kesi ni yako!"

Nyati alikaza mpaka macho yakamtoka. "Nimemaliza! Sina tena!"

"Kunywa maji urudi! Mwingine!"

Pwaata! Puu!

"Miaka saba! Jamani, saba! Tumesema ishirini!"

Ndipo Shangazi Nyati alipojitokeza, akawasukuma vijana kando. "Nipisheni. Vijana wa siku hizi hamjui kazi." Akageuka, akajiweka sawa, na hapo, wanangu, mimi sielezi zaidi. Niwaambie tu kwamba ndege waliruka miti yote ya jirani.

"Shangazi!" Fisi alipiga makofi. "Miaka mitano kwa mpigo mmoja!"

Siwema alikuwa ameziba mdomo kwa kwato, machozi ya kicheko yanamtoka. Mashaka hakucheka. "Siwema, limekuwa kubwa kuliko nyumba yetu!"

"Ndivyo nilivyotaka."

"Na harufu je?"

"Hiyo," alikiri Siwema, "sikuipigia hesabu."

Lakini walipoondoka wale, kicheko kilimwisha. Alilitazama lile lundo, akaingiwa na hofu ya kweli. Je, kama hakimu naye atastaajabia ukubwa? Je, kama amemtengenezea adui yake ushahidi kwa mikono yake mwenyewe? Mtoto alimpiga teke tumboni. Akasema moyoni, "Tulia, mwanangu. Na mimi natulia." Hakutulia.

Alhamisi ilipambazuka na mawingu mazito, manyunyu yakidondoka. Saa nne juu ya alama Hakimu Kongoti alifika kwa hatua zake ndefu, Hondohondo nyuma na kitabu. Nyati walikuwapo wote. Fisi alikuwa amejipaka mafuta.

"Karibu, Mheshimiwa, karibu!" alisema Fisi, akanyoosha mkono kuelekea lile lundo. "Tazama mwenyewe! Huo si uchafu, hiyo ni historia! Miaka ishirini ya ukaaji!"

Hakimu alilitazama. Lilikuwa mlima. Alilizunguka mara moja, akalizunguka mara ya pili. "Ni kubwa," alisema.

Siwema alimsogelea Mashaka.

"Ni kubwa kweli," alisema tena hakimu, akapiga hatua moja mbele alione vizuri.

Chubwi!

Mguu wake mrefu ulizama mpaka gotini. Hakimu, mguu ungali humo ndani, akauliza polepole, "Bwana Nyati. Lundo hili ni la miaka ishirini?"

"Ishirini kamili, Mheshimiwa."

"Mbona ndani ni vuguvugu?"

Nyati alimtazama Fisi.

"Ni jua, Mheshimiwa," alisema Fisi haraka.

Hakimu aliinua kichwa, manyunyu yakamdondokea uparani. "Jua lipi?"

"La... la jana."

Hapo nyuma kulisikika mguno. Shangazi Nyati alikuwa ameanza kukosa subira. "Jua! Jua limefanya nini?"

"Bibi," alisema hakimu, "wewe unalijua lundo hili?"

"Nalijua? Mheshimiwa, mimi ndiye mwenyewe! Safu yote hii ya juu, kuanzia hapa mpaka pale penye nzi wengi, ni yangu peke yangu!"

"Shangazi!" alisema Fisi.

"Niache! Hawa vijana walikuwa wameshindwa, wanasimama tu wanalia wamemaliza. Nikaja mimi! Muulize huyo huyo Fisi, si alinipigia makofi?"

"Shangazi, nyamaza!" alibweka Fisi.

"Ninyamaze? Nimekula majani ya bonde zima kwa ajili ya kesi hii, halafu sifa lipewe jua?"

"Ulikula lini, bibi?" aliuliza hakimu kwa upole sana.

"Jana, Mheshimiwa. Jana asubuhi. Tumeshinda hapa mpaka jioni, hata chai hatukupewa."

Hondohondo aliandika kila neno, kra kra kra. Nyati aliinamisha kichwa mpaka pembe zikagusa majani.

Hakimu Kongoti alichomoa mguu wake, chwaap, akaufuta kwenye nyasi, akamgeukia Siwema. "Nimeliona la mdai. Kumshika mwenzio uongo hakutoshi kuonyesha kwamba ukweli ni wako. La kwako liko wapi?"

Siwema alimpeleka upande wa pili. Palikuwa na lundo dogo, la mviringo, limezungushiwa mawe, na kando yake mkunazi mnene. Akamkabidhi hakimu kijiti. "Chimba, Mheshimiwa. Usiogope, si la moto."

Hakimu alichimba. Juu palikuwa na punje nyeusi, mpya. Chini yake punje za kijivu, kavu. Chini zaidi zilikuwa zimegeuka udongo, na ndani ya udongo ule kulijaa kokwa za kunazi, kuukuu, zilizotoboka. Akazidi kuchimba, kijiti kikagonga mzizi.

"Mzizi huu unatoka wapi?"

"Kwenye mkunazi huu hapa, Mheshimiwa. Umeota humu humu. Bibi yangu alikula kunazi, akaja hapa, ukaota. Mama yangu akaukuta mche. Mimi naukuta hivi unavyouona."

Hakimu alilizungushia bawa shina la mkunazi. Bawa lake refu, na bado ncha haikufika upande wa pili. Kisha akapanda juu ya jiwe, akalinyoosha joho lake, na kila mtu akajua kwamba hukumu imefika.

"Mahakama imesikia na mahakama imeona, tena upande mmoja imeonja kwa mguu. Mdai amedai miaka ishirini, akaleta ushahidi wa jana. Mdaiwa ameonyesha vizazi vitatu. Shauri la Nyati limetupwa."

"Limetupwa?" Mashaka alimshika Hondohondo ubawa. "Ndiyo kusemaje? Tuhame?"

"Ndiyo kusema mmeshinda. Niache manyoya."

"Na kwa kuwa niliamuru kitu kisiongezwe hapa," aliendelea hakimu, "na kimeongezwa, Nyati na ndugu zake wataliondoa lundo hili lote, wao wenyewe, wakalitie kwenye mashamba ya bonde. Waanze sasa."

Nyati alipiga kwato chini, puani moshi. "Nitamkanyaga! Nitamkanyaga huyu mdudu!"

Hakimu hakurudi nyuma hata hatua moja. "Kama hukuridhika, una siku thelathini za kukata rufaa kwa Mfalme Simba. Kukanyaga si rufaa. Ukimgusa, utaitwa tena, na safari hiyo hutakuwa mdai."

Jina la Simba lilimpoza. Nyati akageuka kwa hasira. "Fisi! Andika rufaa! Andika kwamba lundo langu lilikuwa kubwa zaidi!"

Lakini Fisi alikuwa amekwisha kufika juu ya kilima, mkoba mgongoni, anakimbia bila kugeuka.

Kabla ya kuondoka, Hakimu Kongoti alimwinamia Siwema. "Kuna mtu aliyemwambia mdai kwamba mahakama huangalia ukubwa. Unamjua?"

"Mheshimiwa," alisema Siwema, uso mkavu kabisa, "mimi nilikuwa nalia na mume wangu. Mtu na mumewe wakilia, nani anapaswa kusikiliza?"

Mdomo wa hakimu uligongana, kata-kata-kata. Wengine walisema alikohoa. Mimi nasema alicheka.

Mchana ule nyati arobaini walisukuma na kubeba, Shangazi akiwasimamia na kulalamika kwamba kazi yake nzuri inaharibiwa. Mashaka alicheza ngoma pale mlangoni, akaimba, akarukaruka mpaka akajichoma mwiba. Ndipo alipomwona mkewe. Siwema alikuwa ameketi katikati ya kichaka, pale pale alipopachagua, amekunja miguu chini ya tumbo, analia. Alilia kwa kwikwi, mabega yanatikisika.

"Siwema! Mbona unalia na tumeshinda?"

"Niache, mume wangu," alisema. "Siku zote hizi sikuwa na nafasi."

Mashaka akaketi kando yake. Na siku ya tatu, penye miiba mingi ambapo tai haoni, mtoto alizaliwa.

Hadithi yangu nimeitua hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: ukiitwa mahakamani usikimbie, nenda, na zamu yako ya kuuliza ikifika, uliza.